Dawa ya Deni

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Methali hii niliifundisha kwa miaka mingi, kwanza katika shule ya msingi na baadaye katika vyuo vya ualimu, na sikumbuki methali nyingine ambayo wanafunzi waliielewa upesi kuliko hiyo. Kila mtu amewahi kudaiwa. Hata hivyo hakuna aliyewahi kuniuliza swali ambalo leo, nikiwa na umri wa miaka 76, najiuliza mwenyewe usiku usingizi unapokatika: ikiwa mwenye kukudai amekwisha kufa, na ulichochukua kwake hakikuwa fedha, deni la namna hiyo dawa yake ni nini?

Mimi si mchungaji wala mwanateolojia. Ni mwalimu mstaafu, na kanisani ni mzee wa mtaa tu. Katika kurasa hizi nataka kueleza jinsi fundisho la Kikristo la upatanisho, yaani kwamba Kristo kwa kifo chake ametupatanisha na Mungu, lilivyonipa faraja. Lakini msomaji anivumilie, kwa maana siwezi kueleza faraja kabla sijaeleza kidonda chenyewe.

Mwaka 1984 nilikuwa makamu mkuu wa chuo kimoja cha ualimu ambacho sitakitaja. Waliokuwa watu wazima wakati ule watakumbuka hali ilivyokuwa nchini. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979 na kutuacha na hazina tupu. Sukari, sabuni na mafuta ya kula vilikuwa vitu vya kupangiwa foleni tangu alfajiri. Mwaka 1983 serikali ilianzisha msako mkali dhidi ya wahujumu uchumi, na sheria maalumu ikatungwa mwaka huo huo. Wako waliotupa bidhaa mitoni usiku ili wasikutwe nazo. Msako huo ulikuwa na sababu zake, wala siandiki ili kuulaumu. Nasema tu kwamba ulikuwa wakati ambao mkuu wa idara yoyote aliogopa kuonekana mlegevu mbele ya wizi wa mali ya umma.

Katika hali hiyo, magunia mawili ya sukari na katoni tatu za sabuni vilipotea katika stoo ya chuo chetu. Kufuli halikuvunjwa. Ufunguo mmoja ulikuwa kwa mwanachuo wa mwaka wa pili, ambaye wenzake walimchagua kuwa kiongozi wa chakula. Alikuwa kijana mpole, mtoto wa mjane, mwenyeji wa mlima ule ule wa Kilimanjaro nilikozaliwa mimi, ingawa vijiji vyetu viko mbali. Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya nidhamu. Kikao hakikuchukua hata saa moja. Yule kijana alisimama karibu na mlango, amevaa sweta la kijivu lililompwaya mabegani na kumfupia mikononi, akasema, "Mwalimu, ufunguo ninao, lakini sikuchukua." Alisema hivyo mara mbili. Mara ya tatu alianza kusema nikamkatiza.

Sasa nifike penye mzizi wa fitina. Nilijua kwamba ufunguo wa pili ulikuwapo. Alikuwa nao mtunza stoo, na Jumapili moja nilimwona kwa macho yangu akifungua stoo peke yake, saa ambayo hapakuwa na kazi ya kumpeleka pale. Lakini mtunza stoo alikuwa na ndugu mkubwa pale wilayani, na kijana alikuwa na mama mjane mwenye migomba na ng'ombe mmoja. Kamati haikuuliza habari za ufunguo wa pili, nami sikuzileta. Niliweka sahihi yangu chini ya barua ya kumfukuza kwa kosa la wizi wa mali ya umma, na kwa maneno hayo mlango wa kazi ya ualimu ukafungwa mbele yake. Jioni ile nilikula chakula changu kama kawaida. Chuo kilitulia. Mkaguzi alipokuja alisifu uimara wa uongozi.

Mwaka 1996, nikiwa sasa mkuu wa chuo, mtunza stoo wa zamani aliniita nyumbani kwake. Alikuwa mgonjwa sana na alijua hataamka. Aliniambia, "Mkuu, ile sukari niliichukua mimi." Nadhani alitazamia nishtuke. Sikushtuka. Nilichofanya ni kuuliza habari za yule kijana, nikaambiwa kwamba alikwenda Mirerani kuchimba tanzanite, akapata maradhi ya kifua, akarudi kwa mama yake, akafariki mwaka 1994. Aliacha mtoto mmoja wa kike.

Tangu siku ile hadi mwaka 2011 nilikaa na habari hiyo miaka 15 bila kumwambia mtu yeyote nje ya nyumba yangu.

Msomaji anaweza kuuliza: je, katika miaka hiyo 15 hukuwa Mkristo? Nilikuwa. Kila Jumapili nilisimama pamoja na usharika tukaungama dhambi zetu kwa mawazo, maneno na matendo, tukatangaziwa msamaha, tukaketi. Nilimwambia Mungu kosa langu mara nyingi, hata kwa machozi. Lakini nilitoka kanisani na mzigo ule ule nilioingia nao, na sikuelewa kwa nini. Sababu nilikuja kuitambua baadaye, nayo ni hii: nilikuwa nikiomba jambo lifunikwe.

Hapa yatupasa kuyatazama maneno kidogo, kwa kuwa lugha nayo ni mwalimu. Tunalo neno kafara. Limetujia kutoka Kiarabu, na lina undugu na neno la Kiebrania linalotumika katika Agano la Kale kwa tendo la kufanya upatanisho. Wataalamu wengine husema maana yake ya asili ni kufunika, wengine husema ni kufuta. Waweza kudhani tofauti hiyo ni ndogo, lakini kwa mtu mwenye hatia ni kubwa. Tunalo pia neno fidia, yaani malipo ya kumkomboa mtu. Na tunalo neno upatanisho lenyewe, linalotokana na kupatana. Kupatana hakufanywi na mtu mmoja. Mtu hawezi kupatana akiwa peke yake chumbani, kama vile hawezi kupigana peke yake. Mimi nilitaka kafara kwa maana ya kufunika, na upatanisho wa mtu mmoja.

Kwa kuwa maisha yangu yote nimekuwa mtu wa vitabu, nilijaribu kupona kwa kusoma. Nilijifunza kwamba Wakristo hawajawahi kuwa na maelezo ya aina moja tu juu ya msalaba. Mababa wengi wa kanisa la kwanza walisema kwamba kifo cha Kristo kilikuwa fidia na ushindi dhidi ya nguvu zilizomteka mwanadamu, mawazo ambayo askofu wa Sweden, Gustaf Aulén, aliyakumbusha upya katika kitabu chake cha mwaka 1930. Anselm, Askofu Mkuu wa Canterbury, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1098, alieleza kwamba dhambi humnyima Mungu heshima anayostahili, na kwamba mwanadamu ndiye adaiwaye lakini ni Mungu tu awezaye kulipa. Ndiyo sababu ilibidi Mungu awe mwanadamu. Baada yake Petro Abelard, aliyefariki mwaka 1142, alikazia kwamba msalaba hutuonyesha upendo wa Mungu kiasi cha kuigeuza mioyo yetu. Na wanamatengenezo wa karne ya 16 wakasisitiza kwamba Kristo alisimama mahali petu na kuchukua hukumu iliyotupasa.

Maelezo hayo yote niliweza kuyafundisha katika kipindi cha jioni, tena vizuri. Lakini kila nilipofika kwenye lile la mwisho, la mmoja asiye na hatia kuchukua hukumu ya mwenye hatia, ulimi ulikuwa mzito. Kwani hilo ndilo nililolifanya mimi mwaka 1984! Nilimchukua asiye na hatia nikamfanya abebe ya mwenye hatia. Ikiwa jambo hilo lilikuwa uovu nilipolifanya mimi, linawezaje kuwa habari njema linapofanywa na Mungu?

Siku ya Ijumaa Kuu mwaka 2011, tarehe 22 Aprili, nilipangiwa kusoma Isaya sura ya 53 mbele ya usharika. Ni sura nisomayo tangu madarasa ya kipaimara. Nilipofika kwenye habari za yule aliyeonewa asifungue kinywa chake, mbele ya macho yangu sikumwona Bwana Yesu. Nilimwona kijana aliyevaa sweta la kijivu. Na mimi sikuwa miongoni mwa kondoo waliopotea. Nilikuwa pamoja na Kayafa, yule kuhani aliyesema katika Injili ya Yohana kwamba ni afadhali mtu mmoja afe kwa ajili ya watu. Ni kweli, chuo kilitulia. Sauti ilinikatika, na mzee mwenzangu akamalizia somo.

Nyumbani mke wangu hakunifariji. Yeye ni mtu wa Bukoba, na wazazi wake walikuwa watu wa uamsho, ule uliotokea Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Bukoba na kwingineko. Hao walikuwa na desturi ambayo sisi wasomi tulikuwa tukiicheka: mtu akisema ameokoka, kesho yake anaonekana njiani amebeba vitu alivyoiba ili kuvirudisha. Mke wangu anakumbuka baba yake akitoka nyumbani asubuhi na jembe na pampu ya baiskeli, akirudi mikono mitupu huku akiimba. Aliniambia, "Baba, kwa Mungu unaungama kila Jumapili. Kwa yule mama utaungama lini?"

Na ninaye rafiki wa miaka mingi, mkufunzi mstaafu kama mimi, Mwislamu mcha Mungu kutoka pwani. Yeye ndiye mtu wa kwanza nje ya nyumba yangu niliyemweleza, siku chache baada ya Ijumaa Kuu ile. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Sheikh wangu alinifundisha hivi, Mwalimu. Ulichomkosea Mwenyezi Mungu, yeye ni mwingi wa rehema. Lakini haki ya mja iko kwa mja. Mpaka akuwie radhi." Hakusema kwa kunishinda katika mabishano ya dini, maana sisi hatuna mabishano. Alisema kama daktari. Nilirudi nyumbani nikakumbuka kwamba hata katika Mathayo sura ya 5 mtu aliyefika madhabahuni na sadaka yake, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, anaambiwa aiache sadaka pale pale na kwenda kwanza kupatana. Kumbe nilikuwa nimesimama madhabahuni miaka 15 na sadaka mkononi.

Wiki zile nilisoma tena Mambo ya Walawi sura ya 16, inayoeleza Siku ya Upatanisho. Wanaletwa mbuzi wawili. Mmoja anachinjwa, wa pili anabebeshwa dhambi za watu na kupelekwa jangwani. Nilidhani nitamkuta yule kijana tena, amefukuzwa jangwani kama mbuzi, na ni kweli nilimkuta. Lakini niliona pia mambo mawili ambayo sikuwahi kuyaona.

Kwanza, kabla Haruni hajagusa mbuzi wa watu, inampasa atoe ng'ombe kwa ajili ya dhambi yake mwenyewe. Kiongozi hufanyiwa upatanisho kabla ya wengine. Pili, Haruni anaweka mikono yake juu ya kichwa cha mbuzi na kuungama kwa kinywa kwamba dhambi hizi ni zetu. Hasemi kwamba mbuzi ndiye mwovu. Sisi katika kamati yetu tulifanya kinyume. Tulimtwisha kijana kosa, kisha tukasema ni lake. Upatanisho wa Biblia unaanza kwa kusema kweli juu ya nani mwenye kosa. Uonevu wetu ulianza kwa kuificha kweli hiyo. Kwa nje vinafanana, kwa kuwa katika vyote viwili mmoja anabeba ya mwingine. Kwa ndani ni usiku na mchana.

Kutoka hapo niliweza kulitazama swali langu bila kukimbia. Nilipokuwa mwamuzi, gharama ya uamuzi wangu nilimtwisha mtu mnyonge kuliko wote chumbani, tena bila ridhaa yake. Msalabani, kama nielewavyo imani yetu, mwamuzi haitupi gharama kwa mtu wa tatu. Paulo anasema katika 2 Wakorintho sura ya 5 kwamba Mungu alikuwa ndani ya Kristo akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake, na Yesu mwenyewe katika Yohana sura ya 10 anasema hakuna anayemwondolea uhai wake, bali yeye huutoa. Aliyepaswa kudai ndiye aliyeingia hasara. Jambo hili hata mwenye duka kijijini analijua. Akimsamehe mteja deni la shilingi 10,000, fedha hizo hazikuyeyuka hewani. Zimetoka mfukoni mwake. Hakuna msamaha usio na mlipaji. Tofauti iko katika nani analipa, na kama amekubali.

Tena Kristo hakuishia kuwa mwamuzi anayelipa. Alihukumiwa kwa ushahidi wa uongo, akatolewa nje ya mji, akafa na jina la mhalifu. Yaani alikwenda kusimama pale pale nilipompeleka yule kijana. Na katika Mathayo sura ya 25 anasema kwamba lolote alilotendewa mmoja wa walio wadogo, ametendewa yeye. Basi alipoambiwa "nyamaza" katika kikao kile, aliyenyamazishwa si kijana peke yake. Neno hili lilinitisha kwanza, kisha likanifariji, na naomba msomaji alione hilo kwa utaratibu huo huo. Rafiki yangu wa pwani alikuwa na haki: mtu wa kando hawezi kusamehe kosa ambalo hakutendewa. Lakini ikiwa Kristo yumo ndani ya kosa hilo kama mtendewa, basi anaponisamehe hasemi kama mtu wa kando. Jambo hilo haliifuti haki ya kijana. Linaniambia tu kwamba haki hiyo haikuzikwa pamoja naye. Iko mikononi mwa mmoja ambaye naye alifukuzwa kwa uongo, na hawezi kuisahau.

Hapo ndipo kwa mara ya kwanza nilipata nguvu ya kuondoka nyumbani kwangu. Kwa miaka 15 niliogopa kwamba nikisema kweli nitakwisha: heshima ya mkuu wa chuo, ya mzee wa kanisa, ya baba mbele ya watoto wake. Lakini mtu ambaye leja yake imekwisha kusomwa yote na mwenye hesabu, naye hakufukuzwa, hana tena sababu ya kuificha.

Sisi Wachaga tuna mmea uitwao isale, wengi masale. Hupandwa kuonyesha mipaka ya vihamba, na hupandwa makaburini. Mtu aliyemkosea mwenzake humpelekea jani la isale kuomba radhi, na aliyekosewa huona vigumu mno kulikataa, kwa kuwa si mkosaji tu anayeomba bali desturi ya wazee wote inaomba pamoja naye. Injili ya Kilutheri ilipofika Kilimanjaro mwaka 1893 ililikuta jani hili tayari likifanya kazi yake. Mwezi Juni mwaka 2011 nilipanda kijijini kwa yule mama pamoja na wazee wawili, mmoja wa ukoo wangu na mmoja wa usharika wake, nikiwa na jani hilo mkononi.

Alitukaribisha, akatuketisha, akatuletea maziwa. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi. Nilimweleza yote, sikupunguza. Aliponisikiliza hadi mwisho aliuliza neno moja tu: "Baba, wewe ulijua?"

Nikasema, "Mama, nilijua kwamba kuna ufunguo wa pili."

Jani hakulipokea. Alisema, "Mwanangu alifariki watu wakimwita mwizi. Msibani kwake kuna walionong'ona. Andika, na isomwe mahali watakaposikia walionong'ona." Nilipojaribu kusema habari za kumsaidia mjukuu wake, aliyekuwa kidato cha sita, alinizuia kwa mkono. "Ada yake nimelipa kwa kahawa na maziwa tangu kidato cha kwanza. Usidhani utanunua kitu hapa."

Niliandika. Barua ilisomwa kanisani kwao Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo, nami nimesimama mbele. Niliandika jina lake kamili, kwamba hakuiba, kwamba aliyeiba alikiri, na kwamba mimi niliyetia sahihi nilikuwa na sababu ya kushuku na sikusema. Baada ya ibada wengine walinipa mkono, wengine hawakunipa, na wote walikuwa na haki. Yule mama alitoka polepole kwa mkongojo, akasimama mbele yangu, akasema, "Lete lile jani sasa." Akalipokea.

Sikulipa deni, wala nisimdanganye msomaji. Miaka minane ya kazi ya uchimbaji, kifua kilichoharibika, darasa ambalo hakulifundisha hata siku moja, binti aliyekua bila baba: vitu hivyo havilipiki kwa barua. Zakayo katika Luka sura ya 19 aliahidi kurudisha mara nne, lakini yeye alichukua fedha, na fedha ina mara nne yake. Uhai hauna. Methali yetu ni ya kweli, lakini iko hatua ambayo haiwezi kuvuka, na mtu mzima yeyote akiutazama nyuma ukurasa wa maisha yake atakiri kwamba hatua hiyo ameifikia mahali fulani.

Basi faraja yangu ni nini? Si kusahau. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Wala si kujiona kwamba kosa lilikuwa dogo. Kinyume chake, siku hizi naliona kubwa kuliko nilivyoliona mwaka 1984. Nafarijika kwa sababu lile nisiloweza kulipa limechukuliwa na anayeweza, na lile niwezalo kulitenda, hata kama ni dogo na limechelewa, nimeachwa huru kulitenda bila kujidanganya kwamba ni malipo. Nilipokuwa nikitafuta faraja kwanza ili nisiende kwa yule mama, sikuipata. Nilipoipata, ilinipeleka kwake. Kwa kipimo hicho, nadhani, mtu anaweza kuipima faraja yake ya dini: je, inamsogeza kwa aliyemkosea, au inampa mahali pazuri zaidi pa kujificha?

Na liko jambo ambalo sijalijua mwisho wake. Naamini katika ufufuo wa wafu, na kwa hiyo naamini nitakutana na yule kijana. Sina haki ya kuandika humu kwamba atanisamehe. Msamaha wake ni wake. Ninachotumaini ni kwamba atakayekuwa amesimama kati yetu siku hiyo anatujua wote wawili, naye ana alama za misumari mikononi.

Mama yake alifariki mwaka 2016. Nilipanda kwenda kumzika. Wakati wa kuweka udongo, ukoo ulipokwisha kuitwa, mjukuu alisema kwa sauti, "Na Mwalimu." Nilichukua udongo kwa mkono nikauweka. Makaburi mawili yako jirani, chini ya migomba, na masale yamepandwa pande zote.

Msomaji wangu, huenda nawe una leja uliyoifungia kabatini, na huenda mwenye kukudai bado yu hai. Ikiwa ndivyo, umenizidi bahati. Weka kitabu hiki chini, uende.